Kiti Alichokisifia Mgeni

Bibi yangu hapandi ghorofa. Si kwa sababu ya magoti, ingawa magoti yake yana malalamiko yake. Ni kwa sababu haoni adabu yoyote katika kulala juu ya vichwa vya watu ambao hujawahi hata kuwasalimia. Kwa hiyo Baba Mdogo aliposema, baada ya mvua za mwaka jana, kwamba mtaro ukifurika tena atakuja kumchukua wakaishi wote katika mji mwingine, ghorofa ya nne, Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia safari njema, kisha akamgeukia Shangazi.

"Mtaro huo mtautengeneza," akasema.

Halikuwa ombi.

Mtaro wenyewe unapita mbele ya nyumba yetu, na kabla ya kufika kwetu unapita mbele ya karibu kila mlango wa mtaa. Lori la taka la manispaa husimama kule barabara kuu, hupiga honi mara moja kama mtu anayetimiza wajibu asioupenda, kisha huondoka. Mtaani kwetu haliingii, kwa maelezo kwamba njia ni nyembamba. Mkusanya ushuru wa taka, hata hivyo, njia hiyo hiyo humtosha vizuri kabisa. Matokeo yake ni kwamba taka zetu huenda mtaroni, mtaro huziba, na mvua zikija, maji ambayo yangepaswa kuteremka bondeni hupiga hodi chumbani kwa Bibi. Mwaka jana tuliinua kitanda chake kwa matofali, naye akakaa juu yake siku zote za mafuriko, akitoa amri kwa watu waliokuwa wakipita chini na ndoo.

Ndipo kikundi kilipozaliwa. Shangazi, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyenilea, akawa mwenyekiti. Kinyozi wa jirani akawa katibu, kwa kuwa kibanda chake kilikuwa na nafasi ya kufanyia mikutano na mdomo wake ulikuwa na maneno ya kuijaza. Mama Mkaa, auzaye mkaa pale kona, akawa mweka hazina, kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kufanikiwa kumkopa. Mimi, ninayesomea mazingira chuo kikuu, sikupewa cheo. Nilipewa jina: Profesa. Wasikilizaji wa mbali huenda wakadhani ni sifa.

Tangazo la mfuko nililiona ukutani kwenye maktaba ya chuo. Lilisema kwamba mfuko huo hutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vidogo, vile visivyo na ofisi, wala muhuri, wala mtu wa kuvaa tai, vinavyopigania mazingira na haki za watu wa kawaida. Lilisema pia kwamba watu wanaoishi na tatizo ndio wanaolijua vizuri zaidi. Nilisoma maneno hayo nimesimama, na machozi yakanilenga. Niliyaamini kwa moyo wote, na ninayaamini hadi leo, ingawa sasa ningeongeza kwamba watu hao hao ndio wanaojua vizuri zaidi namna ya kulificha.

Ombi tuliliandika juu ya meza ya kukatia vitambaa, huku Shangazi akitusogeza kila alipohitaji mkasi. Kinyozi alitaka tuanze kwa kusema kwamba mtaro ule ni adui wa maendeleo ya binadamu.

"Andika unanuka," alisema Mama Mkaa. "Basi."

Niliandika yote mawili kwa lugha ya katikati. Tuliomba mambo mawili tu: gari dogo la kukodi la kuzoa taka kila wiki hadi kwenye jaa la mji, na mifuniko ya mtaro, hayo yatushikilie wakati tukiendelea kuidai manispaa huduma ambayo tayari tunailipia. Niliongeza aya moja kuhusu Bibi na ghorofa ya nne. Kinyozi aliisoma, akafuta jicho kwa kitambaa chenye nywele za watu, akashinda siku nzima jicho jekundu.

Majibu yalikuja nikiwa chuoni, katikati ya mitihani. Afisa wa mfuko angefika Jumatano kuona hali ya mtaro kwa macho yake mwenyewe. Nilimpigia Shangazi simu mbio mbio, nimesimama mlangoni mwa chumba cha mtihani.

"Mgeni anakuja Jumatano," nikamwambia. "Wa mfuko. Anakuja kutuona."

"Mgeni!" alisema Shangazi, na simu ikakatika.

Ningepaswa kumpigia tena. Mtu aliyelelewa na mwanamke yule alipaswa kujua kwamba neno hilo humpandisha homa. Mgeni akitarajiwa kwetu, mapazia hufuliwa, sufuria husuguliwa hata sehemu ya chini ambayo moto tu ndio huiona, na watoto wa jirani huoshwa miguu bila idhini ya wazazi wao. Lakini kengele ya mtihani ililia, nami nikaingia kujibu swali la ushirikishwaji wa jamii katika udhibiti wa taka. Nililijibu vizuri sana.

Jumatano asubuhi niliteremka kwenye basi barabara kuu, nikaanza kutembea kuelekea nyumbani, na nusura nirudi nikidhani nimekosea mtaa. Mtaro ulikuwa umesafishwa. Sisemi umezolewa tu, umesuguliwa. Kuta zake za saruji, ambazo sikuwahi kujua kwamba ni za saruji, zilikuwa zimepigwa brashi. Mawe ya ukingoni yalikuwa yamepakwa chokaa. Maji membamba, safi, yalikuwa yakiteremka taratibu kama maji ya kwenye kalenda. Mtaa mzima ulinukia sabuni ya unga.

Shangazi alikuwa mlangoni, futi ya kupimia shingoni, uso uking'aa.

"Shangazi," nikasema, "taka ziko wapi?"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Pita, kaa. Umekonda."

Nikapita sebuleni, nikakaa juu ya kiti nisichokijua. Kilikuwa kiti cha duara, kinono, kisicho na miguu, kilichoshonwa kwa vipande vya vitambaa vya kila rangi, vyekundu vikipokezana na vya kijani, vya maua vikipokezana na vya mistari. Kilikuwa kizuri kupita kitu chochote kilichowahi kuwamo chumbani humo. Karibu nacho vilikuwapo vingine vitatu, na kwenye kimoja alikaa Bibi, amejitanda khanga yake mpya, ametulia. Nilipojiweka sawa, kiti changu kilikoroma.

Nikainuka. Nikakibonyeza. Kikakoroma tena, kwa sauti ya chupa ya plastiki.

"Shangazi. Humu ndani mna nini?"

"Sponji."

"Shangazi."

"Sponji na vitu vingine," alisema, akaanza kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka.

Bibi akanionea huruma. "Taka," akasema. "Hicho chako kina za mbele ya kwa kinyozi. Mimi nimekalia za kwetu wenyewe."

Habari yote ikatoka. Tangu Jumamosi mtaa mzima ulikuwa mtaroni na majembe na makoleo. Walipomaliza walibaki na kilima cha taka na swali la zamani: zipelekwe wapi? Lori la barabara kuu liliwakatalia kwa kuwa mzigo ulizidi. Basi Mama Mkaa akatoa magunia yake matupu ya mkaa, na kila nyumba ikabeba sehemu yake ikaingiza ndani. Hapo Shangazi akaona aibu nyingine: magunia sebuleni, na mgeni anakuja! Akakusanya vitambaa vyote vilivyobaki vya wateja wake, akashona usiku na mchana, mpaka kila gunia la mtaa likapata vazi lake.

"Sasa niambie," alisema, akishika kiuno, "mgeni akiingia hapa atasema nini?"

"Alipaswa kusema mna tatizo la taka! Ndicho anachokuja kukiona, Shangazi! Anakuja kuona uchafu!"

Shangazi alinitazama kana kwamba nimemwambia kuwa mgeni anakuja kumtazama akioga.

"Mtu atoke kwao, aje mpaka nyumbani kwa watu, aone uchafu wao, na wenyewe wamo, wazima, wana mikono miwili? Wewe ulilelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi chuo kimeniharibia kazi yangu."

Kinyozi, aliyesikia kelele, aliingia na wembe mkononi, na nyuma yake Mama Mkaa. Nilipowaeleza kwamba ruzuku hutolewa kwa watu wenye shida, na kwamba sisi tumeifuta shida yetu ikatakata, Kinyozi alikaa kitako juu ya kiti kimojawapo. Kikakoroma. Hakujali.

"Hilo halina neno," akasema baada ya kufikiri. "Tunarudisha kidogo. Cha mfano tu. Gunia mbili pale kwenye kidaraja cha mtaro, mteremko mzuri, mgeni akishuka tu anakutana nazo."

"Hatuwezi kupanga taka kama maua ya mezani," nikasema. "Huo ni udanganyifu."

"Profesa, sikiliza. Taka ni zetu. Mtaro ni wetu. Na zilikuwamo mpaka Jumamosi. Udanganyifu uko wapi? Tunaurudisha ukweli nyumbani kwake."

Somo letu la maadili ya utafiti halikufika huko.

"Changu hakirudi," alisema Mama Mkaa. "Nimeshakizoea. Nakikalia nikipima mkaa."

"Na mtarudishaje," aliuliza Bibi kwa upole, "na mgeni huyo hapo nje anatafuta pa kuegesha gari?"

Tulitoka kwa pamoja, tukakwama mlangoni, tukatoka mmoja mmoja.

Afisa wa mfuko alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso wa upole na miwani ya kamba. Alikuwa amejiandaa. Alivaa buti za mpira zilizofika magotini, na barakoa ilining'inia sikioni mwake ikisubiri kazi. Alisimama katikati ya mtaa wetu uliofagiliwa, kwenye jua kali, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyealikwa msibani akakuta arusi.

"Samahani," aliniuliza, "hapa ndipo penye mtaro?"

"Ndipo, mgeni wetu!" Shangazi alidakia. "Huu hapa! Karibu sana!"

Tuliutembelea wote. Mgeni aliinama, akachungulia, akapiga picha. Kila alipopiga picha Shangazi alisogea pembeni ili asizibe weupe wa chokaa.

"Nimeona mitaro mingi katika kazi hii," mgeni alisema. "Sijaona msafi hivi. Huu ni msafi kuliko beseni la kunawia la ofisini kwetu."

"Ah, kawaida tu," alisema Shangazi, na kidevu chake kikapanda. Mimi changu kikashuka. Kila sifa iliyotoka kinywani mwa mwanamke yule ilikuwa tofali lingine chini ya ile ghorofa ya nne, na Shangazi alikuwa akizipokea moja moja kwa mikono miwili.

Kinyozi alijaribu kuokoa jahazi. "Mheshimiwa, usiuone hivi. Huu mtaro ni mbaya sana. Leo umejizuia tu. Ungeuona wiki iliyopita, ungelia!"

"Basi hongereni kwa hatua mliyopiga," alisema mgeni.

Alipofika mwisho wa mtaro alifunga kamera yake, akavua miwani, na nikajua anachokwenda kusema kabla hajasema.

"Nitakuwa mkweli kwenu. Maombi ni mengi, na fungu letu ni dogo. Kuna vikundi ambavyo watoto wao wanapita kwenye taka kila siku kwenda shule. Ombi lenu lilinigusa, hasa ile habari ya bibi. Lakini siwezi kuiambia kamati kwamba nimeona shida ambayo sikuiona."

Nilimheshimu kwa maneno yale, na wakati huo huo nilitamani kulala chini. Upande wa bondeni mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Nikafungua kinywa.

"Dada, ukweli ni kwamba..."

"Profesa!" Shangazi alinikata kwa tabasamu lenye meno mengi. "Mgeni hajanywa hata maji. Maneno baadaye."

Na kwetu, mtu akishasema hivyo, mazungumzo yameahirishwa hata kama nyumba inaungua.

Sebuleni mgeni alimwamkia Bibi, akakaribishwa kiti. Nilifumba macho. Nilipofumbua, alikuwa ameketi, amenyoosha buti zake mbele, na uso wake umelegea kwa raha.

"Mwanangu," Bibi alimwambia akizitazama buti, "huna viatu vingine?"

"Ninavyo, Bibi. Nilidhani kuna matope."

"Matope!" Shangazi alicheka, akimmiminia chai kwa fahari. Chumba kilikuwa na joto, na juu ya harufu ya sabuni na ya marashi aliyoyanyunyiza kwa ukarimu mkubwa, harufu nyingine, changa, ilianza kujitambulisha. Shangazi akafungua dirisha la pili. Kisha mgeni akaweka mkono juu ya kiti, akapapasa mshono, akainama kukitazama vizuri.

"Kazi ya nani hii?"

"Yangu," alisema Shangazi, na hapo hapo nikaona amejuta.

"Ni kizuri mno! Tazama hizi rangi zilivyopangwa. Yaani ni kizuri na kinakaa vizuri, hakididimii. Ofisini kwetu tunakalia viti vya chuma. Naweza kuagiza kimoja?"

"Kuagiza!" alisema Bibi. "Mgeni anunue kwetu? Hicho hicho ulichokalia ni chako. Nenda nacho."

Shangazi aliliweka birika mezani.

"Mama," alisema taratibu, "labda nimshonee kingine. Kipya. Hicho ni cha... kukaa."

"Kwani yeye anakwenda kukifanyia nini? Kukivaa?"

"Au nimpe pazia. Lile la zambarau."

"Mtu kasifia kiti, wewe unampa pazia. Tangu lini?"

Mpaka leo sijui kama Bibi alisahau kilichokuwamo ndani ya kiti kile, au alikumbuka kuliko sisi sote. Nimemuuliza mara nyingi. Hunijibu kwamba mgeni haondoki mikono mitupu.

Mgeni alikataa kwa adabu mara moja, akakataa mara ya pili kwa sauti ya mtu anayetaka kushindwa, na mara ya tatu akashukuru. Dereva wake akaitwa. Alikuwa kijana wa misuli. Alikishika kiti kwa mkono mmoja kama mtu anayechukua mto, kiti hakikuinuka. Akakishika kwa miwili. Akakikumbatia, akakipeleka hatua kwa hatua hadi nje, sisi tukimfuata, na kila alipokanyaga, kiti kilikoroma tumboni mwake. Alipofika kwenye gari alisimama. Akatazama viatu vyake.

"Dada," akasema, "kiti kinavuja."

Watu wote wakamtazama Kinyozi, kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno.

"Ni jasho," alisema Kinyozi. "Pamba ya siku hizi..."

Hapakuwa na ujasiri wowote katika nilichofanya baadaye. Nilimfikiria tu Bibi akipandishwa ngazi za ghorofa ya nne, akisimama kila kituo kuwasalimia watu wasiomjua. Nikamwendea mgeni, nikamwambia yote: magunia, vitambaa, mtaro, homa ya Shangazi. Nilisema kwa sentensi ndefu zenye mpangilio, kama ninavyofanya ninapoogopa.

Alinisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akanyoosha mkono kwa Shangazi.

"Mkasi."

Shangazi, ambaye alikuwa ameutazama ukingo wa mtaro muda wote huo kana kwamba anataka kuingia humo yeye mwenyewe, alimpa. Mgeni akakata mshono mmoja. Zikatoka chupa, mifuko ya plastiki, maganda yaliyoiva, kiatu kimoja cha kushoto, na fungu kubwa la nywele.

"Hizo zangu," alisema Kinyozi kwa unyonge.

Mgeni alivuta barakoa yake akaivaa. Hatimaye ilikuwa imepata kazi.

"Mmezipeleka ndani kwenu," akasema taratibu.

"Tungezipeleka wapi?" Shangazi aliuliza. Hakuwa anabishana, alikuwa anauliza kweli. "Kama unapajua mahali, tuambie. Tutabeba leo hii."

Mgeni alifungua kinywa nyuma ya barakoa, ikaonekana jinsi kitambaa kilivyojaa pumzi, kisha kikarudi. Hakuwa na mahali.

"Vipo vingine?"

Tukamzungusha nyumba kwa nyumba. Kwa fundi viatu vilikuwa viwili, vya bluu. Kwa mkunga mstaafu kilikuwa kirefu kama kochi, na paka amelala juu yake. Kinyozi, ambaye sasa fahari ilikuwa imeishinda aibu, alionyesha cha kibandani mwake na kueleza kwamba chake pekee ndicho chenye mahali pa kuegemea. Wateja waliokikalia waliinuka wakamwamkia mgeni, wakakaa tena.

Tuliporudi kwenye gari alisimama.

"Kwa nini hamkuniambia kule mtaroni?" alimuuliza Shangazi.

"Nikuambie nini, mwanangu? Karibu mgeni, utakalia maganda?"

Hapo mabega ya mwanamke yule yakaanza kutikisika. Kwa muda nilidhani analia, mpaka akavua barakoa ili apate hewa ya kucheka vizuri. Alicheka akiwa ameshika mlango wa gari. Dereva alimtazama kwa wasiwasi. Mama Mkaa, ambaye hacheki hovyo, alitoa sauti moja fupi puani, na siku hiyo ikaingia katika historia ya mtaa.

"Haya," alisema mgeni akijipangusa macho. "Nipakilieni kiti changu."

"Dada!" alilia dereva. "Ndani ya gari?"

"Nimepewa. Nakipeleka kwa kamati."

Shangazi akasema kiti hakiondoki kikiwa kimechanika, asije akaaibika mbele ya kamati. Akarudisha kila kitu ndani kwa koleo, akapiga magoti pale pale njiani, akaufunga mshono kwa sindano ya mkono, mishono midogo isiyoonekana, na chini akashonea kipande cha turubai ili kisivuje tena. Gari likaondoka madirisha yote yakiwa wazi.

Wiki iliyofuata hatukulala vizuri. Mawingu ya bondeni yalisogea, yakarudi, yakasogea tena. Baba Mdogo alipiga simu kusema chumba cha Bibi kiko tayari, na kwamba dirisha lake lina mandhari nzuri. Bibi alimwambia amsalimie mandhari.

Kisha mgeni akanipigia. Nikaweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa ili wote wasikie.

Kiti, alisema, alikiweka kwenye chumba cha mikutano bila kusema neno. Mwenyekiti wa kamati, mzee mzito wa mwili na wa hoja, alikipenda papo hapo, akakikalia muda wote wa mjadala, huku akiuliza mara kwa mara kama bomba la choo limepasuka. Alipoambiwa amekalia nini, alisimama kwa wepesi ambao kamati haikuwahi kuuona kwake. Akaagiza kitupwe. Kikawekwa nje kando ya pipa. Asubuhi kikakutwa ndani: mfagizi alikiona, akadhani mtu amekisahau, kizuri kile, akakirudisha. Kikatolewa tena. Wazoa taka wakakiacha, wakisema wao hawachukui samani. Mlinzi naye akakirudisha, maana mvua ilikuwa inanyemelea.

"Kamati nzima imeishi nacho wiki nzima," alisema mgeni. "Kila kinapotolewa, kinarudi. Jana mwenyekiti alisimama akasema sasa ameelewa ombi lenu, aya kwa aya. Mmepata ruzuku. Gari linaanza Jumatatu, na mifuniko itafuata. Ila kuna sharti moja."

"Sharti gani?" niliuliza, nikiwa tayari kuandika.

"Gari lenu likishaanza, lije kwanza huku."

Jumatatu gari likaja. Lilikuwa dogo, lenye kelele, la rangi ya chungwa, na liliingia mtaani kwetu bila kugusa ukuta wowote, huku mtaa mzima ukishuhudia kwamba njia haikuwa nyembamba kamwe. Kila nyumba ilitoa viti vyake ikavipanga kando ya mtaro, safu ndefu ya rangi zote, kama vile tunangojea wageni wa heshima. Wapakiaji walisita.

"Mama, hivi kweli ni vya kutupa?"

Shangazi akavipitia kimoja kimoja na mkasi, akivivua mavazi, kwa sababu vitambaa hufulika. Na chini ya mavazi magunia yakarudi kuwa magunia. Mama Mkaa alikitoa chake mwenyewe, akakisindikiza kwa macho mpaka kikapakiwa, akaingia ndani bila kuaga. Mvua za kwanza za rasharasha zilianza kuanguka. Mtaro ukazipokea, ukazipitisha, ukateremka nazo bondeni.

Kikabaki kimoja.

"Mama," Shangazi alisema mlangoni, "inuka, watu wanasubiri."

"Hiki hakiondoki," alisema Bibi kutoka juu yake.

"Kimejaa taka!"

"Najua kimejaa nini, nilikuwapo. Kinanifaa magoti. Kirefu kuliko kigoda, kifupi kuliko ghorofa."

"Nitakushonea kingine, kimo hicho hicho, nitajaza vitambaa."

"Shona. Ukimaliza nitahama."

Shangazi akashusha pumzi, akavua futi shingoni, akapiga magoti akaanza kupima: kimo, upana, mzingo, huku Bibi akiinua mguu mmoja mmoja ili futi ipite. Nje dereva wa gari la taka alipiga honi. Baada ya muda akapiga tena, ndefu zaidi.

"Profesa," alisema Bibi, "hebu toka umwambie huyo asubiri. Mbona sisi tulimsubiri?"